Nani Aliyemlisha Opuk

Kisian,
Jumapili, 4 Januari 2026, saa kumi alasiri

Mwanangu Atieno,

Sasa hivi uko kwa jirani unasukwa nywele za safari, na mimi nimejifungia chumbani kwetu na daftari. Nimejiapiza kwamba barua hii haitafungwa kabla sijaandika yote, hata yale ambayo mkono unakataa kuyaandika. Kesho baba yako akija kukuchukua nitaitia kwenye begi lako la shule, katikati ya vitabu vya gredi ya tano, uisome ukifika Muhoroni.

Sitakuandikia namna ya kuishi. Mambo ya kupiga mswaki, kusalimia wakubwa na kufua soksi kabla hazijanuka bibi yako Dani amekuambia tangu Krismasi, na kesho ataendelea kukuambia hata ukiwa umeshaingia garini. Mambo ya kobe wetu Opuk ya kila siku nayo siyarudii. Yamo kwenye karatasi niliyobandika kwenye mlango wa banda lake, na mengi niliyoyaandika pale nilijifunza kwako. Hapa nataka kukueleza nilivyokosa. Ni mimi niliyekosa. Ningeweza kuishia hapo, lakini sentensi fupi kama hiyo ni rahisi mno, na kwa miezi mitano nimechagua yaliyo rahisi.

Watu hucheka wakinisikia nikikuita mwanangu. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi. Lakini mdogo wa mama ni mama, ndivyo tulivyolelewa, na dada yangu alipokwenda Ghuba kutafuta kazi alikuacha mikononi mwa Dani na mikononi mwangu ukiwa na miaka mitatu. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu. Kwa hiyo nikikukosea nakukosea kama mzazi, na sina ruhusa ya kujificha nyuma ya umri wangu.

Nina hasira, Atieno. Nimekuwa nayo tangu Ijumaa. Baba yako alipiga simu kuuliza kama atengeneze banda la Opuk nyuma ya jiko lake, na Dani akakuuliza mbele yangu. Ukasema, ukitazama miguu yako:

"Sitaki kwenda na yeye. Nikimlisha tena atakufa."

Hukulia. Uliyasema hayo kama mtu anayetaja jina lake akiulizwa shuleni. Dani akapumua kwa nguvu, akamwambia baba yako kwenye simu kwamba mtoto amekataa, na mimi niliyejua ukweli nikaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo mpango umekuwa huu. Kibali cha kumfuga Opuk kina jina la baba yako, na kama hakuna wa kumtunza, Jumatano atawapigia simu maofisa wa wanyamapori waje wamchukue. Magoti ya Dani hayainami tena kuchuma magugu. Mimi Jumatano naripoti bwenini, kidato cha nne. Mjomba wako Ouko alijitolea mezani Ijumaa ileile kumlea, na Dani akamwambia asogeze chumvi.

Maofisa si watu wabaya, na pengine watampata mahali pazuri. Lakini siwezi kuvumilia aondoke kwenye familia hii kwa sababu ya neno ambalo si kweli, neno nililoliacha likae ndani yako mpaka ukaliamini kuliko macho yako.

Unakumbuka alivyokuja? Baba yako alimkuta kando ya shamba la miwa lililochomwa kabla ya kuvunwa, mdogo kama bakuli la sukari, gamba limejaa masizi. Akaripoti, akazungushwa ofisi hii na ile, mwishowe akapewa karatasi. Wakati ule alikuwa akiishi chumba kimoja na wenzake wawili, kwa hiyo akamleta kwetu ndani ya kreti ya soda, pamoja na mkebe wa peleti za kobe, chakula cha punje kavu, alioagiza kutoka Nairobi. Wewe ukamwita Opuk. Ouko alicheka hadi akakaa chini. Opuk ni kobe tu kwa Dholuo, alisema, ni kama kumzaa mtoto ukamwita Mtu. Nawe ukamjibu kwamba hapa nyumbani yuko peke yake, kwa hiyo atachanganywa na nani?

Ule mkebe ulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, na mimi ndiye niliyeyasoma. Peleti chache, ziloweshwe mpaka zilainike, mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote nyasi, magugu na majani mapana. Nilikuandikia ratiba, lakini kazi uliifanya wewe. Asubuhi kabla ya kuvaa yunifomu ulizunguka boma ukichuma kishonanguo, nyasi changa, majani ya kunde yaliyotobolewa na wadudu ambayo Dani hakuyataka, na maua mekundu ya hibiskasi ya jirani. Maua aliyala kwanza, kama mgeni anayeanza na nyama. Uliponda maganda ya mayai ukamnyunyizia juu. Kila Jumamosi ulimkalisha kwenye karai la maji yasiyofika shingoni, na ulikuwa ukimwambia habari za shule huku akinywa.

Hapo palikuwa na mizani nzuri kati ya majani na peleti. Mimi sikuiona kwa sababu haikuwa na kitu cha kujivunia.

Mkebe ukaisha. Mwingine ulikuwa ghali na ulikuwa mbali. Ouko, kama unavyojua, hulisha ngege kwenye vizimba vya samaki ziwani, na jioni moja alirudi na mfuko wa peleti zilizomwagika kutoka kwenye magunia yaliyopasuka. Akazimimina mezani, punje za kahawia zenye harufu ya omena.

"Peleti ni peleti, yawa," alisema. "Na hizi ni kali zaidi. Hizi zinaelea."

Nilicheka kwa hilo la kuelea, lakini nilimwomba aniletee kipande cha gunia chenye maandishi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mtu asiyesoma ana la kujitetea. Mimi nilisoma. Niliona protini ni nyingi kuliko ile ya mkebe, na mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba protini hujenga mwili. Nikajiona nimepata kitu bora tena bila kuagiza Nairobi. Sikujiuliza hujenga mwili wa nani.

Na nilikuwa na haja yangu. Maonyesho ya sayansi yalikuwa yakikaribia, na mradi wangu ulikuwa ukuaji wa kobe anayefugwa. Nilitaka grafu inayopanda. Nikakuachia tepu ya fundi cherehani na daftari, nikakuamuru: kila asubuhi kikombe kimoja cha peleti, zikiwa kavu kwa sababu hivyo ndivyo alivyozipenda, na kila Jumamosi upime gamba. Sikukukataza majani. Nilisema tu kwamba si lazima. Wewe ulikuwa mtoto mtiifu, ukafanya.

Grafu ilipanda kama ngazi. Waamuzi walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akauliza kama nimetumia rula. Hakuna aliyeuliza kobe anakunywa maji mara ngapi, wala anakula nini kingine, wala kwa nini mnyama anayeishi miaka mingi hivyo awe na haraka. Nina hasira nao. Niliitwa mbele, nikapewa cheti, Dani akakitundika karibu na kalenda, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa asome.

Lakini wewe ulikuwa umeniambia. Siku ya kutembelewa bwenini ulikuja na Dani, ukanivuta kando ya tangi la maji kana kwamba una siri ya serikali.

"Mama mdogo, Opuk amekataa majani. Ananusa tu, halafu anangojea ile ya samaki. Na mgongo wake unaota matuta."

Nikakuambia ni kukua huko. Nikakuambia wewe endelea kupima tu. Ulikuwa na miaka tisa na uliona kwa macho. Mimi nilikuwa nikiangalia karatasi. Ukaniuliza kama unaweza kupunguza kikombe kiwe nusu, nami nikasema ukipunguza utaniharibia matokeo. Matokeo. Nikilikumbuka neno hilo lilivyotoka kinywani mwangu natamani kulirudisha kwa meno.

Hukunitii kwa kila kitu, na leo nakusifu kwa hilo. Ulianza kumwekea vipande vidogo vya papai juu ya nyasi, ili akilifuata papai ayale na majani. Ulikuwa ujanja mzuri. Dani alitulea sisi sote kwa ujanja huohuo, akificha mboga chungu ya osuga chini ya omena.

Likizo ya Agosti nilimkuta Opuk hatembei. Miguu ya mbele ilikuwa imevimba kwenye viungo, macho yamegandana, gamba limejaa vilima kama mandazi yaliyobanana kwenye karai. Ouko, aliyekuwa akimwita ngege wa nchi kavu na kujigamba jinsi alivyonona, alisimama pale bila mzaha. Kisha Dani akaliona ganda la papai bandani.

"Nani amempa kobe papai?"

Ukasema ni wewe. Hukusita hata kidogo.

Dani akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba hii na cheti kilikuwa ukutani. Atieno, nilikuwa najua, au nilikuwa nimeanza kujua. Vidole vyangu vilikuwa vikinuka peleti za samaki wakati uleule. Nikasema:

"Matunda hayamfai kobe, Mama. Yanamharibia tumbo."

Kila neno kwenye sentensi hiyo mtu angelithibitisha kitabuni. Ndiyo maana niliweza kula chakula cha jioni. Nilijifunza siku ile kwamba unaweza kumdhulumu mtu kwa maneno ya kweli, ukiyachagua vizuri na ukayasema huku ukimtazama yeye.

Dani alikukataza kukanyaga bandani. Ouko, ambaye hawezi kuacha jambo likapoa, akakupa jina la Daktari Papai. Watoto wa jirani wakalidaka. Ulipita na ndoo wakakuuliza, Daktari, leo umetibu nani? Siku ya kwanza ulicheka nao. Siku ya tatu ulianza kwenda bombani kwa njia ya nyuma, ile ndefu yenye matope. Nilikuona kutoka dirishani, na dirisha hilo ndilo lililo mbele yangu sasa.

Tulimpeleka Mamboleo kwa daktari wa mifugo, mimi na wewe, na katoni katikati yetu kwenye tuktuk. Chumba kilikuwa kidogo, ukaambiwa ungoje barazani. Kwa hiyo hukusikia yaliyosemwa ndani, nami sikukusimulia. Sasa nakusimulia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira. Alimgeuza Opuk, akambonyeza gamba la tumbo, akamfungua kinywa. Kisha akachukua kijiti akapasua kinyesi kilichokuwa kwenye katoni. Ndani mlikuwa na nyuzi za nyasi. Kando yake kulikuwa na punje mbili za kahawia, akaziokota akanusa.

"Nani anampa chakula cha samaki?"

Nikasema huletwa na kaka yangu, anafanya kazi ziwani.

"Sijauliza nani analeta."

Hakunigombeza. Alisema figo zimechoka, kwamba mnyama huyu ni wa nyasi na ametwishwa chakula kizito kila siku na maji kidogo. Matuta ya gamba, alisema, hayatashuka tena. Kisha akaniambia neno ambalo sijaweza kulala nalo wala kuamka bila yake.

"Ngege tunamharakisha kwa sababu kuna sufuria inamngoja. Huyu akitunzwa atakuzika wewe. Ulikuwa unamharakisha kwenda wapi?"

Niliuliza kuhusu papai. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba atasema ndilo. Akasema papai si la kila siku, lakini kipande kidogo hakijamfanya hivi, na huenda kilimsaidia kwa maji yake. Akainua zile nyuzi za nyasi kwa kijiti chake.

"Hizi ndizo zimemfikisha hapa akiwa hai. Nani alikuwa anampa majani?"

Nikasema ni mtoto wa nyumbani.

"Mwambie asante."

Atieno, asante hiyo ilikuwa yako. Nimekaa nayo tangu Agosti kama kitu nilichoiba.

Nilipotoka ulisimama kutoka kwenye benchi na kifuniko cha katoni kifuani. Ukaniuliza kama atapona, nikasema atapona. Ukaniuliza kama ni papai. Nikasema tusiongelee hapa, dereva anatungoja. Dereva alikuwa anakula muhindi, hakuwa na haraka yoyote. Nyumbani Dani akauliza daktari amesemaje, nami nikasema, "Amesema alilishwa vibaya." Sikusema na nani. Macho yote yalikwenda kwako, na mimi nikayaacha yaende.

Opuk alipona taratibu. Nilimlowesha kila siku likizo nzima, baba yako akatuma mkebe mwingine wa peleti za kobe, na mfuko wa Ouko ukarudi ziwani ulikotoka. Muhula wa tatu niliporudi shuleni, Dani alikuruhusu umlishe tena, lakini wewe ulikataa kuingia. Nimeambiwa ulichuma majani kila asubuhi kama zamani, ukayaacha mlangoni mwa banda, na Dani akayasukuma ndani kwa ufagio. Watu wa nyumba hii waliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Mimi nilipolisikia nilikwenda nikakaa nyuma ya kapela ya shule mpaka kengele ikalia.

Usifikiri basi kwamba nimekuwa adui wa peleti. Hilo nalo linanikasirisha, jinsi watu wanavyotaka jibu la upande mmoja. Desemba nilipita kwenye agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, kuuliza, muuzaji akaniambia peleti ni chakula kamili, majani ni ya watu wasio na uwezo, na akataka kuniuzia za sungura kwa kuwa za kobe hana. Nikamweleza mama mmoja baada ya ibada, naye akaniambia chochote kilichofungwa kwenye karatasi ni sumu, nimpe kobe mnavu na mchicha tu, Mungu ndiye mtengenezaji. Mchicha mtupu kila siku nao una ubaya wake. Wote wawili walizungumza kwa uhakika mkubwa, na hakuna kati yao aliyewahi kumtazama kobe akila. Peleti zake, chache, zimelainishwa, zinajaza pengo ambalo majani ya kiangazi hayalijazi. Majani ndiyo mlo. Kuyajua hayo mawili kwa pamoja kunataka mtu anayeangalia kila asubuhi leo ameacha nini, na mtu huyo hakuwa mimi.

Huko Muhoroni watakuambia mengine. Watakuambia umpe molasi kwa sababu ng'ombe huipenda, na Opuk ataipenda, nina hakika, kama alivyozipenda za samaki. Watakuletea majani ya kingo za mashamba yaliyopigwa dawa, kwa moyo mzuri kabisa. Ouko pia alikuwa na moyo mzuri. Nimejifunza kwamba kupendwa kwa chakula hakusemi lolote juu ya chakula.

Na utakuwa mgeni kule, tena mdogo kuliko wote. Katika nyumba lawama huteremka kama maji ya mvua, hutuama kwa aliye chini kabisa. Siku ile ilipita kwa Ouko, ikapita kwangu, ikasimama kwako, na kila mmoja wetu aliinua mguu ipite. Ukiambiwa umekosa, mwanangu, muulize anayekuambia amejuaje. Kama umekosa kweli, kubali, kwa sababu nimeonja kutokubali na ladha yake haiishi. Lakini uliza kwanza.

Leo mchana, ulipokwisha kwenda kwa jirani, nilikiondoa kile cheti ukutani nikakiweka mezani kati ya sahani ya Dani na ya Ouko, nikawaambia yote niliyokuandikia hapa. Ouko aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo mimi ndio nimemgonjesha huyu kobe?"

Nikamwambia yeye alileta, mimi nilipima na kuamuru, na Atieno alikula lawama. Ouko akasema kwa sauti ndogo, kitu ambacho hujawahi kukisikia, kwamba lile jina la Daktari Papai alilitunga yeye, na akauliza kama ulikuwa ukiumia. Amekwenda madukani, nadhani anakutafutia kitu, na kama ni kitu cha kipuuzi, kipokee, ndiyo lugha pekee anayoijua.

Dani hakuniuliza habari za figo wala za peleti. Aliniuliza, "Mtoto tulikuwa naye asubuhi yote. Kwa nini hukusema akiwepo?"

Akasukuma sahani yake kando.

"Umetuambia sisi. Sisi sio tulioonewa, nyathina, mtoto wangu."

Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana nimekasirika zaidi baada ya kusema kuliko kabla. Nilidhani kuungama ni kuungama tu, popote. Nilichagua tena saa ambayo ingenigharimu kidogo. Dani alitaka kukuita papo hapo. Nilimwomba aniache nikuandikie, kwa sababu ningesema kwa mdomo ungeniambia haidhuru, Mama mdogo, ungeniambia hivyo haraka ili nisilie, nami ningekubali. Hii barua huwezi kuikatiza. Ikusubiri mpaka uwe peke yako, uisome mara mbili ukitaka, na ukinikasirikia unikasirikie kwa nafasi. Nitafurahi ukikasirika. Ningekuwa wewe ningekuwa nimevunja kitu.

Asubuhi hii kabla ya kanisa nilikwenda bandani. Opuk alikuwa kwenye kona yenye jua. Nilimwekea majani ya hibiskasi kwa mkono wangu akayanusa, akarudi nyuma. Nikayaacha mlangoni, mahali unapoyaweka wewe, nikasimama mbali. Alitembea mwendo wake wote mpaka pale, matuta yake mgongoni, akala hadi likaisha jani la mwisho. Sidai kwamba kobe anajua mtu. Nasema nilichoona, kwa kuwa nimejifunza kwako kusema kilichoonekana.

Jumanne baba yako anarudi na pikapu kuchukua kitanda chako. Mimi nitakuwa bado nyumbani, na kreti ya soda nimeshaiosha. Mpe baba yako jibu lako kwenye karatasi, hata ya mstari mmoja, anikabidhi mkononi. Usiniandikie kama umenisamehe. Hilo sikudai, na hainipasi tena kumharakisha mtu yeyote. Ukisema hapana, nitajua ni hapana yako mwenyewe, imetoka kwako baada ya kuujua ukweli, na kabla sijaenda shuleni nitawaandikia maofisa kwa usahihi Opuk anakula nini na nani aliyemwokoa.

Lakini sasa unajua mkono upi ulimwumiza na upi ulimweka hai. Nijibu hili moja, Atieno: nikimpakia Jumanne, utaingia bandani huko umlishe mwenyewe?

Mama yako mdogo,
Adhiambo